Jiwe Nililolisogeza kwa Kalamu

Mwenyekiti wa kamati ya mwalo wa wavuvi alifungua kikasha cha wino, akaupumulia muhuri mara mbili ili upate unyevu, kisha akaugonga juu ya mchoro wangu. Duara la bluu liliangukia kwenye bega la mama niliyemchora, likafunika na nusu ya beseni alilokuwa amelikumbatia.

"Sasa hiki ni kielelezo," alisema. Akafunga daftari langu la kuchorea, lenye michoro ya miezi minane, akalitia kwenye droo ya meza na kugeuza ufunguo.

Kielelezo hicho si cha kweli. Jiwe kubwa linaloonekana pembeni mwa yule mama halikuwa mahali nilipolichora. Nililisogeza mimi, kwa sababu upande wa kushoto wa ukurasa ulikuwa mtupu na ulinikera. Nilimweleza mwenyekiti jambo hili kabla hajafungua kikasha, nikamweleza tena muhuri ukiwa hewani, na mara ya tatu nilikuwa naueleza mgongo wake, kwa kuwa alishainama kufunga droo.

Niandike mambo yalivyofuatana. Nikiyasimulia kwa mdomo watu hucheka kabla sijafika katikati, na mimi sioni cha kuchekesha.

Kazi yangu ni uchapaji. Niko kwenye duka moja la uchapaji mjini Mwanza, napanga kadi za harusi, kalenda za makanisa na vipeperushi vya shule. Ninaishi Buswelu. Jumamosi naanza kazi saa sita mchana, na asubuhi yake naitumia kuchora watu kando ya ziwa. Sikusomea popote. Nina kalamu mbili za wino mweusi, daftari la jalada gumu na kiti cha kukunja, basi.

Nachora haraka kwa sababu watu hawatulii. Mtu mmoja nampa dakika kumi, au kumi na tano akiwa na kazi ya kukaa. Sianzi na penseli. Mkono ukikosewa unabaki hapo hapo, nachora mwingine juu yake, ndiyo maana baadhi ya wanawake kwenye daftari langu wana mikono mitatu. Miguu mara nyingi siifikii. Muda unaishia magotini.

Chini ya kila mchoro naandika mahali, saa, upande niliokuwa nimeelekea na hali ya hewa. Hilo nililirithi. Baba yangu alikuwa karani wa ghala la pamba, na nyumbani kwetu hata mtungi wa maji ulikuwa na karatasi iliyosema umejazwa saa ngapi na nani. Tabia hii ya kuandika kila kitu ndiyo iliyoniponza, kuliko hata kuchora kwenyewe.

Kinachokera katika kuchora watu ni watu. Mama ameinama vizuri juu ya kazi yake, mgongo umejikunja kama upinde. Unafungua daftari, naye anasimama wima, mikono imenyooka ubavuni kama anapigwa picha ya kitambulisho. Ukimwambia, "Endelea tu na kazi, mama," anakujibu, "Ngoja nikavae." Na nyuma ya kiti changu wanajipanga wakaguzi.

"Huyo nani?"

"Si mama yule pale."

"Aa wapi, huyo mwanamume."

"Mwanamume na kitenge?"

"Basi ni mgonjwa. Angalia shingo."

Mvuvi mmoja aliwahi kusimama nyuma yangu mchoro mzima, akitafuna muwa na kutema maganda karibu na kiatu changu. Nilipomaliza akasema kwa huruma ya kweli, "Dada, kwani simu huna?"

Mwalo wenyewe sitautaja. Uko upande wa Ilemela, ukanda mwembamba wa mchanga kati ya maji na mawe. Upande mmoja kuna jiwe refu kama nyumba ya chumba kimoja, limejaa madoa meupe ya ndege. Chini ya jiwe hilo ardhi imeinuka, mchanga ni mkavu, na jua likitoka linaanzia hapo. Ukienda upande wa pili unashuka hadi kwenye matete, ambako tangu ziwa lilipopanda hapajakauka. Ni tope la kufika ugokoni.

Mama ninayemzungumzia ana umri wa kama miaka sitini. Goti lake la kulia limevimba na anatembea kwa kuyumba, mguu mmoja ukiuburuta mwingine. Anaanika dagaa. Asubuhi hiyo alikuwa ameshika beseni la bluu kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia anawamwaga dagaa wabichi juu ya wavu uliotandikwa mchangani, kama mtu anayelisha kuku. Nilimpata kwa mistari michache sana. Ule mgongo ni mgongo wake hasa, na nasema hivyo bila aibu kwa sababu katika daftari zima ni migongo kama mitatu tu iliyokubali.

Upande wa kulia wa ukurasa nikachora mtumbwi uliopinduliwa. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu. Ukurasa ukalala kulia kama ngalawa iliyopakiwa vibaya. Jiwe lilikuwepo upande huo wa kushoto, lakini mbali, nje kabisa ya ukingo wa karatasi yangu. Nikaliita ndani. Mistari minane au tisa, kivuli kidogo chini, likakaa jirani na kiwiko cha mama, na ukurasa ukatulia. Kila mchoraji hufanya hivyo. Unasogeza mti, unaondoa nguzo ya umeme, unamtoa mtu aliyekaa vibaya. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Halafu nikaandika chini, kwa mwandiko wangu mzuri wa mtoto wa karani: "Mwaloni, Jumamosi, saa mbili na robo asubuhi. Naelekea kaskazini. Mawingu mepesi. Mama akianika dagaa jirani na jiwe."

Jirani na jiwe. Sikulazimishwa na mtu.

"Shikamoo mama," nilimwita. "Nimemaliza."

"Marahaba. Lete nikione hicho ulichonifanyia."

Alilitazama daftari kwa mbali, kisha kwa karibu.

"Mimi mnene hivi?"

"Ni kitenge, mama. Kilijaa upepo."

"Na miguu yangu?"

"Muda haukutosha."

"Yaani mwanangu umenikodolea macho asubuhi yote hii, miguu hukuiona? Na goti ndilo linaloniua!" Akawageukia wenzake. "Jamani, nimechorwa kilema. Mwambieni mume wangu huko aliko kaburini, mkewe amekatwa miguu na mchapa kadi."

Walicheka sana. Akanirudishia daftari na kuniambia nisimletee tena vitu vya kumtia uchungu. Nikajua yameishia hapo.

Miezi kadhaa baadaye ukaja mradi wa vichanja. Kichanja ni meza ndefu ya nguzo za miti, juu yake wavu wa waya, ili dagaa wakauke hewani bila mchanga. Ni kitu kizuri na kila mtu alikipokea vizuri. Kamati ya mwalo ikatoa agizo lililoonekana la busara: kila mtu atapewa kichanja pale pale alipokuwa akianika. Tatizo likajitokeza siku ya kupima. Vichanja vinahitaji njia ya kupita katikati yake. Mahali walipokuwa wakitosha wanawake wawili mchangani, chini ya jiwe, palitosha kichanja kimoja tu. Mmoja angebaki pale pakavu na mwenzake angehamia kule kwenye matete.

Wawili hao ni yule mama na jirani yake, mwanamke wa miaka kama thelathini, mpole, mwenye sauti ndogo, aliyeachiwa nafasi hiyo na mama mkwe wake. Kila mmoja alisema yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na jiwe. Hakuna aliyewahi kuandika nani anaanika wapi, kwa sababu kila mtu alijua, na sasa kila mtu alijua tofauti.

Kwa jirani, kuhamia kwenye matete ni usumbufu mkubwa. Kwa mama ni jambo jingine. Beseni la dagaa wabichi ni zito, tope linanasa mguu, na goti lile haliwezi. Aliisema wazi mbele ya watu wote: "Mkinipeleka kwenye matete, semeni tu mmeniachisha kazi."

Kamati ikaomba ushahidi. Watu wakaleta picha za simu, nyingi, za miaka mingi. Nimeziona baadhi. Zote zimepigwa kuelekea ziwani. Yuko mtu na maji, yuko mtu na mtumbwi, yuko mtu amemshika sangara mkubwa mashavuni. Hakuna anayepiga picha akiwa amelipa ziwa mgongo, kwa hiyo jiwe, dagaa na wanaoanika dagaa siku zote wako nyuma ya mpigapicha. Ilipatikana moja tu iliyotazama nchi kavu, na katika hiyo jiwe limezibwa na kichwa cha bwana mmoja aliyevaa miwani.

Ndipo mama akakumbuka. "Yupo dada mmoja wa Buswelu, wa kuchora. Alinichora mimi na jiwe langu."

Nilipigiwa simu nije na daftari. Sikuambiwa ni kwa nini. Nakiri kwamba nilidhani wanataka kuona kazi yangu. Nilivaa gauni la kitambaa kizuri na nikabeba kalamu ya akiba.

Kamati hiyo hukaa siku za mbalamwezi tu, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hawaingii ziwani. Nilikuta chumba cha mabati kimejaa. Mwenyekiti alikuwa mezani na katibu pembeni yake. Mama amekaa mwisho mmoja wa benchi, jirani yake mwisho wa pili, na watu wanne wamebanana katikati kama ukuta. Niliamkia, nikaitikiwa, nikatoa daftari.

Mwenyekiti alifunua kurasa taratibu. Watu walicheka walipomtambua muuza mkaa, wakabishana kuhusu mzee mmoja kama ni yeye au ndugu yake. Nilianza kufurahi. Kisha akafika kwenye ukurasa wa mama na watu wakasogelea meza.

"Hili ni jiwe?"

"Ni jiwe, lakini..."

"Na huyu ni mama?"

"Ni yeye. Ila mwenyekiti, naomba..."

"Katibu, soma hapo chini."

Katibu akasoma kwa sauti ya kusoma barua ya msiba. Alipofika "jirani na jiwe" mama alipiga makofi, akasimama, akaanza kunishukuru mimi na wazazi wangu walionizaa.

"Mayu, tulia kwanza," mwenyekiti akamwambia, akimwita mama kwa Kisukuma. Mama akakaa.

Hapo ndipo nilipoelewa nimeitiwa nini. Nikasema kwamba jiwe halikuwa hapo, kwamba nililisogeza. Mwenyekiti alinitazama kwa upole.

"Dada, lile jiwe umewahi kuliona kwa karibu?"

"Nililisogeza kwenye karatasi, mwenyekiti."

"Kwa nini?"

"Ukurasa ulikuwa umelalia upande mmoja."

Watu walitazamana. Katibu akaandika, huku akitamka polepole, "Ukurasa... ulikuwa... umelalia."

"Ngoja," mwenyekiti akasema. "Ulichora kwa penseli au kwa wino?"

"Kwa wino."

"Kuna mahali ulifuta?"

"Wino haufutiki."

"Haya." Akaegemea kiti na kuwahutubia wote. "Fomu zote tunazojaza, za leseni, za kitambulisho, za mtoto kuanza shule, zinasemaje? Jaza kwa wino. Kwa nini? Kwa sababu penseli mtu anabadilisha. Huyu dada alichora kwa wino, hajafuta, akaandika saa, akaandika na mawingu. Nani kati yetu ameleta karatasi yenye mawingu?"

Hakuna aliyekuwa nayo. Nikasema hata kwa wino mtu anaweza kuandika kisicho kweli.

"Anayeandika uongo kwa wino anashtakiwa. Wewe unataka kushtakiwa?"

"Hapana."

"Basi ni kweli."

Nimeifikiria hoja hiyo mara nyingi tangu siku ile na bado sijui ningeijibu nini.

Katibu, ambaye ni mtu makini na aliwahi kufundisha hesabu, alipendekeza tupime. Akatoa rula. Alisema tukijua urefu wa mama halisi, na urefu wa mama wa kwenye karatasi, tutajua umbali wa jiwe kwa hatua. Mama akasimamishwa ukutani, akapimwa kwa futi ya fundi. Kisha katibu akainamia mchoro na kukwama.

"Mama anaishia wapi?"

"Magotini," nikasema.

"Miguu iko wapi?"

"Sikuichora."

"Kwa nini tena?"

Mama akamjibu kwa niaba yangu, kwa hasira ya zamani: "Si nilimwambia!"

Wakakubaliana kukadiria miguu. Hesabu ikafanyika nyuma ya risiti. Ikatoka kwamba kutoka kiwiko cha mama hadi jiwe ni hatua mbili. Tulitoka wote nje, katibu akazihesabu hatua mbili kutoka kwenye jiwe, akamsimamisha mama hapo, na mama akasema, "Hapa hapa, hata mchanga wake naujua." Mimi nilikuwa nyuma nikisema jiwe lile kwenye karatasi lina unene wa kidole. Mtu mmoja akaniambia, "Dada, umeshasaidia, pumzika."

Tuliporudi ndani jirani alizungumza kwa mara ya kwanza.

"Na mimi niko wapi?"

Mwenyekiti alitazama ukurasa. "Wewe humo."

"Simo kwenye karatasi, au simo mwaloni?"

Mwenyekiti akavuta kikasha cha wino. Ndipo muhuri ukapigwa, pamoja na tangazo kwamba uamuzi utatolewa kikao kijacho na kwamba mpaka hapo kichanja cha kwanza, kile cha chini ya jiwe, kisitumiwe na mtu. Nilipoomba daftari langu niliambiwa kielelezo hakitoki ofisini. Nilipoomba wachane ule ukurasa mmoja wanipe kurasa nyingine, katibu alishtuka kweli. Kielelezo kilichochanwa si kielelezo.

Jumatatu yake jirani alikuja dukani kwetu. Alisimama mlangoni mpaka mteja aliyekuwepo akaondoka.

"Dada, sikuja kugombana," alisema. "Nataka unijibu swali moja tu. Unasema jiwe lilikuwa mbali, ukalivuta. Sawa. Pale katikati, kati ya mama na jiwe, kabla hujavuta, palikuwa na nini?"

"Mchanga," nikasema.

"Mchanga mtupu, au mchanga wenye wavu wa mtu?"

Nilikumbuka mgongo wa mama. Nilikumbuka ufa kwenye ukingo wa beseni, sauti ya dagaa wakianguka kwenye wavu, na mbwa mwekundu aliyekuwa akifukuzwa. Ninajivunia kuona vitu. Lakini pale katikati nilikuwa nimeshaamua kwamba hapafai kabla sijapatazama, nikapakunja, nikaendelea. Kama palikuwa na mtu, nilimkunja naye.

"Ulikuwa umevaa nini siku hiyo?" nilimuuliza, nikidhani kitanisaidia.

Alinitazama vizuri. "Dada, nikikwambia utakumbuka wewe, au nitakuwa nimekumbuka mimi?"

Nikaona haya. Alikuwa anageuka kuondoka nilipokumbuka kitu kingine. Asubuhi ile sikuchora mchoro mmoja. Baada ya mama nilifunua ukurasa nikamchora mwanamke mwingine, amechuchumaa, nimemwona kwa nyuma, anatandika wavu. Nakumbuka visigino vyake, kwa sababu huyo ni mmoja wa wachache niliowapa miguu. Sikumbuki uso, maana sikuuona. Wala sikumbuki alikuwa upande gani. Lakini chini ya mchoro nitakuwa nimeandika. Huwa naandika. Nilikuwa na muda, labda hata jiwe liko hapo, mahali pake halisi.

"Mwenyekiti alifika kwenye ukurasa ule?" jirani akauliza nilipomweleza.

Hakufika. Alisimama kwa mama, akapiga muhuri, akafunga.

Siku hiyo hiyo nilikwenda mwaloni kuomba nifunguliwe droo dakika moja nitazame ukurasa unaofuata. Mwenyekiti alikuwa akisimamia nguzo za kichanja cha mwisho. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akakataa. Shahidi hawezi kukishika kielelezo kabla ya kikao.

"Utaongeza mistari," alisema.

"Basi fungua utazame wewe mwenyewe."

"Nikitazama peke yangu watasema nimeongeza mimi."

Hapo, nakiri, alikuwa na hoja. Nikarudi nyumbani nikaandika barua. Nilieleza kwamba jiwe nililisogeza, kwamba maneno "jirani na jiwe" niliyaandika baada ya kulisogeza, na kwamba kamati ifungue ukurasa unaofuata mbele ya wote. Niliiandika kwa wino. Katibu aliipokea kwa mikono miwili, akaipiga muhuri, akaniambia itawekwa ndani ya daftari, kwenye ukurasa wa mama. Kwa hiyo sasa kuna karatasi mbili za mkono wangu zinazopingana, zimelala moja juu ya nyingine, na zote mbili ni rasmi.

Habari ya barua ilimfikia mama kabla sijafika kituo cha gari. Jumamosi iliyofuata nilimkuta amekaa kwenye kipande cha gogo, goti limefungwa kitambaa, akichambua dagaa.

"Shikamoo mama."

Alichambua dagaa kama sita kabla hajasema, "Marahaba." Akaendelea kidogo. "Barua umeandika wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Kuna mtu uliyemwona kati yangu na jiwe?"

"Sikumbuki."

"Hukumbuki." Alitupa kichwa cha samaki. "Mtu hakumbuki, halafu anaandika barua. Si ungeacha tu? Karatasi ilikuwa imeshakubali."

"Mama, karatasi ilikubali kwa sababu mimi nilipindisha. Wewe mwenyewe siku hiyo ulikuwa umeanika wapi?"

Nilitegemea aseme hapa hapa, kama alivyosema mbele ya kamati. Alilitazama jiwe, kisha akanitazama mimi, amechoka na mimi kama nilivyokuwa nimechoka na kila mtu.

"Siku hiyo mimi nilikuwa natazama dagaa," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa unatazama."

Sikuchora kitu asubuhi hiyo. Nilikaa karibu naye, tukachambua pamoja, na hakunifukuza, ingawa kila nilipotia dagaa kwenye rundo lisilo lake alinipiga kofi dogo mkononi.

Kikao kilichofuata hakikufanyika. Mbalamwezi ilikuja, watu wakakusanyika, katibu akawa amekwenda Ukerewe kwenye msiba wa shemeji yake akiwa na ufunguo wa droo, anaoutunza yeye, mfukoni. Mwenyekiti akasema hawezi kuvunja droo ya ofisi kwa sababu ya mchoro. Mbalamwezi ya pili katibu alikuwepo na ufunguo ulikuwepo, lakini mradi uliwaita viongozi wote wa mialo kwenye semina mjini kwa siku tatu, na waliporudi mwezi ulishapungua na wavuvi walishaingia ziwani.

Kichanja cha kwanza kimesimama chini ya jiwe, wavu wake wa waya bado unang'aa. Hakuna aliyeruhusiwa kukitumia. Wote wawili wanaanika mchangani, mmoja kila upande wa nguzo, na wote wamesogea. Kila anayewahi asubuhi anatandika wavu wake karibu kidogo na jiwe kuliko jana, na mwenzake akifika anatandika mbele ya huo, hivyo sasa hata mimi nikisimama pale na macho yangu yote siwezi kusema nani alikuwa wapi. Mama anafika kwa kuyumba, amechelewa mara nyingi kuliko jirani yake. Mvua zimeanza, na kule kwenye matete tope limefika karibu na goti.

Nimenunua daftari jingine. Bado sijaandika chochote chini ya michoro yake.

Mara ya mwisho nilipouliza, katibu aliniambia kikao kitafanyika mbalamwezi ijayo, Mungu akipenda, na ajenda ya kwanza itakuwa kama ukurasa usiopigwa muhuri unaruhusiwa kutazamwa.